Ndevu za Bwana Athmani

Asubuhi hiyo tulikuwa hospitalini tukinywa chai kwa mahamri, na Bwana Athmani, mtu wetu wa nusukaputi, wa kuwalaza wagonjwa usingizi, akinitania kuwa sisi watu wa mashambani hatujui kuunga mbaazi. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Korona ilikwisha kuingia kisiwani kwetu na redio ilisema tuko vitani. Neno hilo sikulipenda, ila hofu ilikuwa ya vita kweli.

Kabla ya adhuhuri akaletwa mwenye duka la leso wa Biashara Street. Utumbo ulikuwa umejisokota, naye ana korona, anakohoa. Asingepasuliwa upesi angekufa.

Barakoa ya kumkaribia mgonjwa wa korona haishiki penye ndevu; hewa hupenya pembeni. Bwana Athmani alifuga zake tangu ujanani, kila Ijumaa akizitia hina. Na ndiye peke yake wa kumtia mgonjwa mpira wa kupumulia kooni, uso kwa uso.

Akakaa kitini. "Ninyoe, Katana. Zitamea tena, inshallah."

Nimenyoa wagonjwa wengi kabla ya upasuaji, lakini siku hiyo nilimkata kidevuni. Hakulalamika.

Kanuni ilikuwa mpira ukitiwa, wengine wote wakae nje.

"Musiingie mpaka niwaite," alisema, akafunga mlango.

Tulitazama kupitia kioo cha mlango.

Mgonjwa alikohoa. Mpira ukagoma. Bwana Athmani akajaribu tena, ameinama mno.

Nilishika kitasa. Akaniona, akainua kiganja: hapo hapo.

Nilibaki. Niliogopa, na moyoni nilishukuru kukatazwa.

Mpira ukaingia, tukaitwa, mgonjwa akapona. Yuko dukani kwake mpaka leo. Sisi tuliongoja nje, hakuna aliyeugua. Bwana Athmani alilazwa juma lililofuata, akazikwa na watu wachache waliovaa plastiki. Huenda aliupata ugonjwa kwingine. Mimi naamini ni siku ile.

Mkewe, Bi Rukia, alipotoka eda nilikwenda kwao Kuze kumpa pole. Akaniuliza mumewe alipokuwa akimshughulikia mgonjwa yule, mimi nilikuwa wapi.

"Nje ya mlango, Bi Rukia. Alinikataza kuingia."

"Alhamdulillahi," akasema. "Wewe una watoto wadogo."

Alisema kwa moyo safi. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenilaumu.