Ploti ya Mama

Silipendi neno ploti. Huku kwetu, kati ya Thika na Ruiru, limemeza kila kitu. Vyumba vya kupanga vilivyobanana kwenye ua mmoja ni ploti. Kipande cha ardhi cha kujenga ni ploti. Vijana wakitaka kujua mipango ya jioni huulizana, "Ploti ni gani?" Waingereza walituachia neno moja, nasi tukalitwika kazi ya watu watatu.

Mama ameishi kwenye ploti Makongeni tangu alipoajiriwa kiwandani. Chumba kimoja, choo cha kugawana, na mwenye nyumba anayebadilisha kufuli akikasirika. Alivumilia kwa sababu alikuwa na shamba lake Kalimoni, alilonunua kwa jasho lake na kulizungushia ua wa miiba ya kayaba kwa mikono yake. Ila hati ya shamba aliiandikisha kwa jina la kaka yangu, kifungua mimba wake. "Shamba ni ya mwanaume," alisema, na mimi ndiye niliyemsaidia kupanda hiyo kayaba. Magoti yalipomkatalia kwenda huko, kaka alimwambia amelikodisha kwa mtu wa nepia, yale majani ya ng'ombe.

Mimi napanga Ruiru. Majuzi nilipanda gari la bure la wauza ardhi, lile la kupeleka wateja kuangalia ploti. Mama ndiye aliyenisukuma: nitafute karibu na shamba lake, tuzeeke tukiwa majirani. Gari lilipokata kona kuingia Kalimoni nilifurahi. Liliposimama mbele ya kayaba ya mama, nilidhani limeharibika.

Ndani kulikuwa na vigingi vyekundu kila mahali. Mparachichi wake ulikuwa kisiki. Kijana muuzaji alinijia na soda mkononi, meno yote nje. "Madam, shika hii ya kona. Hii ni prime kabisa."

Nilimpigia kaka. Hata hakushtuka.

"Wee, tulia bana. Niko na ploti. Mum nitamwambia pole pole."

Matusi yote ninayoyajua, ya Kikuyu na ya Kiswahili, nilimmwagia palepale, wateja wakinitumbulia macho. Akakata simu. Kanisani wananiambia nimsamehe, damu ni damu. Mimi namchukia, na nikipiga magoti kusali bado namchukia.

Jioni hiyo nilipitia Makongeni. Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe, miguu kaiweka juu ya debe kwa sababu ya uvimbe.

"Ulipata ploti, mami?" aliniuliza.

Njia nzima nilikuwa nimepanga nitakavyomwambia. Nilipomwona usoni nikayaacha maneno hayo. Nikasema zilikuwa zimeisha.

Akasogeza sinia, akanishika mkono.

"Hiyo isikusumbue. Yangu si iko? Utajenga kwangu."