Kitambaa cha Rafuni

Fundi cherehani wa nyumba ya kulelea wasichana hakuhitaji kuambiwa nani ana mimba. Tepu yake ya kupimia viuno ilijua kabla ya daktari.

Nyumba ilianzishwa na wafadhili wenye huruma nyingi na masharti mengi zaidi. Walipokea wasichana waliofukuzwa makwao, waliopigwa, wasio na pa kwenda. Ila atakayeonekana ana mimba, getini. Usiniulize huruma gani hiyo. Fundi, enzi hizo bado msichana mwenyewe, aliwaachia wenye mimba mishono ya magauni yapanuke, kimyakimya, nao wakapata muda wa kutafuta pa kujisitiri.

Kisha akaja Kasuku, jina walilompa kwa kuwa hakujua kunyamaza. Alipoleta gauni mara ya tatu, hapakuwa na mshono wa kuachia. Ilibidi kuongeza kipande. Kipande kilikuwepo rafuni. Lakini asubuhi hiyo mlezi mkuu alikuwa amemtazama fundi kwa jicho baya, na fundi alikuwa na mama mgonjwa aliyemtegemea.

"Kitambaa kimeisha, mdogo wangu."

"Basi nitabana pumzi, dada," Kasuku akajibu, akacheka.

Kesho yake, wamepanga mstari wa ukaguzi, gauni likapasuka ubavuni. Kabla ya saa nne alikuwa nje ya geti, na hakuna aliyemwona tena.

Miaka thelathini na nane fundi anausikia ule mpasuko. Anausikia akichana kitambaa, hata akifungua bahasha. Hajauzoea.

Wiki iliyopita mkurugenzi mpya alimwomba awasimulie wageni historia ya nyumba. "Yale mazuri tu, Bibi." Akasimulia paa lililovuja, vitanda vya kwanza, wasichana waliofaulu. Jina la Kasuku lilimfika kooni, akalimeza. Wakampigia makofi, naye akajiona mwoga yule yule, sasa mwenye mvi.

Aliporudi kwenye chumba chake cha kushonea alimkuta msichana mlangoni, gauni mkononi.

"Shikamoo, bibi. Naomba uniachie tena kidogo ubavuni."

"Marahaba. Lete."

Fundi akapekua mshono. Hakuna kilichobaki. Ukutani masharti yalikuwa yale yale, kwenye fremu mpya. Akanyoosha mkono rafuni, akashusha kile kipande alichomnyima Kasuku, rangi yake bado imekolea kuliko gauni lenyewe.

"Kitaonekana, bibi," msichana akasema kwa hofu.

"Kionekane." Fundi akatunga uzi. "Wakiuliza nani kashona, waambie waje kwangu. Nina la kuwasimulia."