Mama Faini na Moto wa Bibi Veneranda

Zamani ukishuka treni pale Kigwa, wa kwanza kukupokea alikuwa kibao. Simaanishi kibao cha stesheni, kile kilishachoka. Nasema kibao cha UMIKI, yaani Uhai wa Miombo Kigwa, kilichosimama ng'ambo ya reli juu ya nguzo mbili za mninga, nene kama mapaja ya mcheza ngoma. Kilikuwa kikubwa kuliko ofisi ya shirika lenyewe. Kiliandikwa USIKATE MTI, na anayetaka kujua miti mingapi ilikatwa ili kuyasema hayo alikuwa hajatokea.

Chini yake, kwa rangi ya kijani, yalikuwepo majina ya viongozi: Mwenyekiti, Apolinaria Mihayo; Katibu, Amon Kaswa.

Amon tummalize haraka, maana yeye mwenyewe hamalizi. Ni mtu wa kanisa la Moraviani, shati la mikono mirefu hata jua la Oktoba, na kila kitu kwake ni mchakato na kila kiumbe ni mdau. Mbuzi walipokula miche ya kitalu aliwaandika kwenye taarifa kuwa ni "wadau hasi". Lakini ndiye anayejua kuzungumza na wafadhili, na kibao kile kilikuwa mtoto wake. Kila treni ilipopita alitoka nje ya ofisi aone kama abiria wanakisoma.

Apolinaria, Mama Stela kwa majirani, alianza bila kibao. Ni binti wa katekista, akaolewa palepale Kigwa na Zablon, mtu mpole anayelima karanga. Mwaka ambao kisima cha chini ya kilima kilikauka, na magunia ya mkaa yakawa mengi stesheni kuliko abiria, alichukua kigoda na ukili wake akaenda kukaa kwenye njia ya kupandia kilimani. Akawa anasuka. Mwanamume akipita na shoka begani, yeye hamsalimii. Analisalimia shoka.

"Huyo anakwenda wapi?"

"Nani, Mama Stela?"

"Huyo uliyembeba."

Mtu mzima na ndevu zake anajikuta anajibu kwa niaba ya shoka, anaona haya, anageuza. Wengine walimtukana wakapita. Lakini kutwa nzima ukiulizwa vile na mwanamke ambaye mkono wake hauachi kusuka, unachoka. Wakaja wanawake wengine na vigoda vyao. Kikawa kikundi, kikundi kikapata sheria ndogo ya kijiji, sheria ikapata wafadhili, wafadhili wakapata Amon, Amon akapata kibao.

Sheria ilikuwa fupi: kuni kavu zilizoanguka, okota; mti mbichi wa kilimani, faini. Hapo ndipo Apolinaria akapata jina la Mama Faini. Alimtoza mwalimu wa kwaya aliyekata kifimbo cha kuongozea nyimbo. Alimtoza mpishi wa paroko. Na alimtoza shemeji yake mwenyewe, Justus, kaka mkubwa wa Zablon, aliyekata mti mchanga akauchonga mpini wa jembe. Justus aligoma kulipa. Basi mpini ukachukuliwa ukawekwa ofisini, ukaegemezwa ukutani nyuma ya meza, na kila semina Amon akauonyesha kama kidhibiti. Justus alikuwa hahudhurii semina.

Mtu mmoja tu hakutozwa, hakufundishwa na hakuhamasishwa: Bibi Veneranda, mama mkwe wa Apolinaria, aliyekaa nyumba ya pili uani hapohapo. Apolinaria alimjengea jiko banifu la udongo, lile la kula vijiti vitatu tu. Bibi alishukuru sana. Akaweka majani makavu ndani yake, akamlaza kuku. Wageni wa shirika walipokuja kuona maendeleo, aliwashika mkono yeye mwenyewe akawapeleka.

"Jiko la mkwe wangu," aliwaambia, "limetotoa kumi na moja."

Walipendana hivyohivyo. Apolinaria ndiye aliyemkata kucha.

Bibi Veneranda akafa mwezi wa saba, baridi ya kipupwe ikiwa kali, asubuhi, akiwa na kikombe cha uji mkononi. Maziko yakapangwa kesho yake ili watoto walioko Tabora mjini na Mwanza wafike. Na hapo ndipo mwenyekiti alipobanwa.

Katika ukoo ule msiba una moto wake. Huo si wa kupikia. Ni gogo zima linaloletwa uani kabla jua halijazama, linawashwa na mtoto wa kwanza wa marehemu, na halizimiki mpaka siku ya kuanua tanga. Wanaume wanaotoka mbali wanalala hapo. Mzee aliyezikwa bila moto huo, watu watamtaja hivyo hata wakisahau jina lake. Na magogo makavu Kigwa yalikuwa yameisha. Mabani, yale majumba ya kukaushia tumbaku kwa moto, yaliyala yote mpaka visiki. La kununua lingetoka kwa walewale wezi ambao Apolinaria aliwakimbiza. Mti mnene ulibaki mahali pamoja tu: kilimani, pale alipokuwa akikaa na kigoda.

Alasiri Justus akatoka nyumbani kwake na shoka. Hakujificha. Alikatiza uani katikati ya waombolezaji, wazee wawili nyuma yake.

Apolinaria alikuwa ndani, chini kwenye mkeka na wanawake, kitenge kichwani, mahali pa mkwe. Mkwe aliyefiwa hasimami ovyo. Akasimama. Akatoka pekupeku mpaka mbele ya shemeji yake.

"Shemeji. Huyo anakwenda wapi?"

Waombolezaji wote wakageuza shingo.

"Anakwenda kumtafutia mama yangu moto," Justus alisema. "Mtoze faini."

"Mti haukatwi."

"Kwa hiyo mama alale baridi? Wajukuu zake wanashuka treni usiku, waote nini? Waote semina?"

"Shemeji, nisikilize. Ukikata wa mama, na mimi nikanyamaza, msiba ujao nani nitamkataza? Nilikunyang'anya mpini. Nitakaaje nikiota mti mzima?" Akakaza kitenge kichwani. "Mkiukata, sitawazuia. Siwezi kupigana na mtu mbele ya maiti. Lakini kesho mtafute mwenyekiti mwingine, na msinione tena kwenye njia ile."

"Unathamini miti kuliko mama!"

"Huyo ni mama yangu pia. Nimemwosha mimi asubuhi."

Wote wawili wakamgeukia Zablon, mume wa mmoja na mdogo wa mwingine. Zablon akaangalia chini.

"Msiniulize," alisema. "Mimi nimefiwa."

Amon naye akaona nafasi. "Labda tuanzishe mchakato wa nishati mbadala, tukishirikisha wadau wa msiba..."

"Amon, kaa," alisema Apolinaria, na Justus akasema hivyohivyo, kwa pamoja. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Justus akalipandisha shoka begani. Apolinaria akafunga macho.

"Hodi, wapagazi! Nani amekufa hapa bila ruhusa yangu?"

Alikuwa Chilongani. Huyu ni Mgogo, alikuja Kigwa na genge la reli, akastaafu, akaoa, akabaki. Na Wagogo na Wanyamwezi, kama ukoo huu, ni watani tangu enzi za misafara. Kwenye msiba mtani haombi. Anaingia, anatukana, anachukua anachotaka, na atakayekasirika analipa mara mbili. Chilongani akapita moja kwa moja mpaka chumbani kwa marehemu, wanawake wakampigia kelele, akatoka amejifunga kitenge cha Bibi Veneranda, kanga yake kichwani, fimbo yake mkononi. Mgongo ameukunja kama Bibi. Hata ule mguu wake wa kushoto uliokuwa unaburuta, akauburuta.

"Apolinaria! Mwanangu!" Sauti ilikuwa ileile, mpaka wengine wakashika vifua. "Nimekufa leo asubuhi, bado sijapoa, na wewe unazungumza faini?"

Vicheko vikaanza kwa wanawake, vikiwa na machozi ndani yake.

"Na wewe Justus! Nilikuzaa kwa tabu, kichwa kikubwa hicho. Hilo shoka la nini? Unataka kunipandisha kilimani, mimi na magoti haya? Moto wangu uko karibu." Akanyoosha fimbo kuelekea relini. "Maisha yangu yote nimekaa baraza hili nikitazama treni. Tangu mmesimamisha kile kidude chenu, naona kichwa cha treni, naona mkia. Tumbo silijui. Wabeba mizigo ninyi, mkaja kunizibia! Leo nataka kukiota."

Kila mtu akageuka kukitazama kibao. Nguzo mbili za mninga, kavu, zimepigwa jua miaka.

"Ile ni mali ya shirika!" Amon aliruka. "Wageni wanakuja mwezi ujao kupiga nayo picha!"

Chilongani akaacha sauti ya Bibi, akarudia yake. "Karani, babu zao walipopita kwetu Ugogo na meno ya tembo, walilipa hongo, ushuru wa njia, ndipo wakapewa maji. Bibi huyu naye ana safari. Hapiti bure, na mtoza hongo ni mimi, na nimeshachagua. Umekasirika?"

"Sijakasirika," alisema Amon, na tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole na askofu.

"Mwenyekiti, umekasirika?"

Apolinaria alikuwa amejifunika uso kwa pembe ya kitenge. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Akatikisa kichwa: hapana.

Chilongani akampa Justus fimbo ya Bibi ashike, akachukua shoka.

Jua halijazama nguzo zote mbili zilikuwa uani, na Justus, mtoto wa kwanza, akaziwasha kwa mkono wake. Mninga ule uliwaka polepole, kwa adabu. Nguzo zilipoanza kuisha Chilongani akaenda ofisini kukusanya hongo iliyobaki: mabenchi ya semina, kisha meza, kisha kile kitu cha miguu mitatu cha kubandikia chati. Ubao wenyewe aliukataa kwa ajili ya rangi. Ulilazwa juu ya mawe, na kwa kuwa mabenchi yalishaungua, waombolezaji kutoka Mwanza walikalia USIKATE MTI mpaka msiba ukaisha. Mara ya mwisho alitoka na mpini wa jembe, akauelekeza motoni.

"Huo hapana!" Justus alipiga kelele kama aliyeng'atwa, akamnyang'anya.

Moto haukuzimika. Kilimani hakuna mti uliotoka.

Baada ya kuanua tanga, Apolinaria alizoa majivu akayachekecha, akapata misumari ya mabenchi na meza, bado ina joto mkononi. Akampelekea Amon kwenye kopo.

"Shika ofisi yako."

"Mwenyekiti, tutengeneze kingine kabla ya wageni. Nguzo mbili tu, nzito kama zile."

"Utazitoa wapi?"

Amon akatazama kilimani.

Kwa mara ya kwanza tangu apate kazi, hakukuwa na mchakato.

Jioni ile Justus alipita uani kwenda kwake, jembe begani, mpini ule umeshatiwa chuma. Apolinaria alikuwa barazani kwa Bibi, anasuka, treni ya abiria inapita ng'ambo, kichwa, tumbo na mkia.

"Shemeji," alimwita bila kuinua macho. "Huo mpini ni wa ofisi."

"Ofisi ipi?" Justus aliuliza, na kwa kweli aligeuka akaitafuta.

Zablon ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Apolinaria alicheka mpaka ukili ukamdondoka. Justus akaondoka akipepesuka kwa kicheko, na alikuwa ameshafika kwenye miti ya mipaka aliposikia tena nyuma yake:

"Lakini faini iko palepale!"