Safari ya Kwenda Kujaza Fomu Nairobi

Nilienda Nairobi kudanganya. Nalisema mapema ili msinipe sifa nisizostahili, maana najua kikundi chetu cha akina mama kinavyopenda kumvisha mtu taji kabla hajamaliza kusimulia.

Nyumbani niliwaambia kwamba naenda kusukwa nywele Kenyatta Market, niwe nadhifu siku ya ntheo ya binti yangu Mutheu. Hao ni wale mbuzi ambao kwetu Ukambani, wasipoletwa, binti hajaolewa, hata awe na cheti cha kanisa na watoto wanne. Ule ulikuwa uongo nusu, kwa sababu nywele zangu zilikuwa zinatisha kweli. Lakini nilikuwa pia na miadi hospitalini, na huko nilikuwa nimepanga kusema uongo mzima.

Mnakumbuka kwamba miaka minne kabla ya hapo nilikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Mliniombea, nikapona. Madaktari wakaniuliza kama ningekubali kuingia kwenye utafiti wao, wa kuwafuata wanawake waliotibiwa ili wajue tunaishi vipi, nani anavimba mkono, nani ugonjwa unamrudia. Kila baada ya miezi sita unaenda unajaza fomu. Ukijibu kwamba huna shida yoyote, unapimwa uzito na presha, unapewa chai na andazi, unaenda zako. Daktari mwenyewe alikuwa anampapasa tu yule aliyeandika kwamba ana shida.

Sasa basi, wiki tatu kabla ya safari, nikiwa naoga, niligusa kitu kwenye titi la kulia. Kilikuwa kidogo, kama njegere. Nikanyamaza. Ntheo ilikuwa imebakiza mwezi mmoja na nusu, wakwe wameshaalikwa, na sikutaka wafike wakute watu wanamlilia mama wa bibi harusi. Nikajiambia nitakificha mpaka mbuzi waingie bomani. Na niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka nikawa naoga macho nimefumba.

Alhamisi alfajiri niliondoka Machakos kwa pikapu ya shemeji yangu, iliyokuwa inapeleka nyanya mjini. Shemeji alitaka kujua wasusi wa Machakos wamekosa nini. Nilimweleza habari za nywele kwa kirefu, kuanzia mizizi, mpaka akajuta kuuliza. Kuanzia Athi River hakusema neno tena.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Nairobi, mtaa wa Muthangari, kwenye lango la Mama Jasi. Yeye ni mjane wa Kisikh, mwanawe Jaswinder ana duka la vipuri mjini, na urafiki wetu ulianzia wodini. Tulipasuliwa wiki ileile, vitanda vikiwa sambamba, tukaingia kwenye utafiti pamoja, na tangu hapo kila miadi nalala kwake. Alinipokea kwa chai ya tangawizi na parota, zile chapati zao zilizojazwa viazi, akanipangusa vumbi la nyanya begani, akauliza habari za Mutheu kabla hata sijakaa.

Hapa lazima niungame jambo. Nimefunza darasa la saba miaka ishirini na tisa, na wanafunzi waliokopi kwenye mtihani wangu wananikumbuka mpaka leo. Lakini Mama Jasi alikuwa anakopi fomu yangu kila miezi sita, nami namsogezea karatasi aone vizuri. Yeye anazungumza Kiswahili cha dukani, na fomu ile iliandikwa Kiswahili cha kutoa jasho. Nesi alishampa ya Kiingereza, akaikataa. Alisema fomu ya Kiingereza haina jirani.

Na mimi, huyo jirani mwenyewe, naandika nini? Hapana. Unaumwa? Hapana. Mkono unavimba? Hapana, na siku hiyo pete haitoki kidoleni. Si kwamba napenda uongo. Kwetu mgeni akiulizwa habari anasema njema, anakunywa chai, na shida yenyewe anaitoa mwishoni, mwenyeji anapomsindikiza mpaka njiani. Ndivyo tulivyolelewa. Hospitali nayo haimsindikizi mtu, kwa hiyo shida zangu zote nilikuwa narudi nazo Machakos.

Jioni, tukiwa mezani, Mama Jasi aliniuliza kama kesho nitaandika hapana kote. Nikamwambia kama kawaida. Akasema sawa, akaendelea kukunja chapati yake mara mbili, mara nne, wala hakuila.

Ijumaa saa mbili Jaswinder alitushusha hospitalini. Nesi wa utafiti anaitwa Adhiambo, msichana mcheshi anayetusalimu "niaje" kana kwamba tuna miaka kumi na saba, nasi tunapenda sana. Alitupa fomu na kalamu. Nikaangalia kiti cha dirishani, anapokaa siku zote Mama Wairimu na chupa yake ya uji, nikauliza kama amechelewa.

Adhiambo akakaa karibu nasi. Alisema Mama Wairimu alizikwa miezi miwili iliyopita, ugonjwa ulimrudia, ukafika kwenye ini kabla mtu yeyote hospitalini hajajua.

"Fomu yake ya mwisho ninayo," alisema. "Ni safi, mwalimu. Hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Na mimi nilimwamini."

Kisha akaitwa upande wa pili, tukabaki benchini na karatasi zetu. Nilijaza jina. Nilijaza umri, nikapunguza mwaka mmoja kwa mazoea. Nikajibu maswali ya mkono, na kwa mara ya kwanza nikasema unavimba. Nikafika swali la kumi na nne: je, umegundua uvimbe wowote mpya? Kalamu ilisimama hapo. Nilimfikiria Mutheu, nikawafikiria wakwe, nikamfikiria Mama Wairimu akiweka hapana zake kwa mwandiko wake mzuri. Machozi yakanitoka mbele za watu. Nikaweka alama kwenye ndiyo.

Nikageuka. Mama Jasi alikuwa ameweka alama kwenye ndiyo.

Moyo ulinipasuka kwa hasira. Nilimvuta mtandio, nikamwambia kwa sauti ya chini, ile niliyokuwa naitumia darasani, kwamba swali hilo halikopiwi, afute haraka, atapelekwa kwenye sindano bure kwa sababu ya uvivu wake wa kusoma. Nikamwambia mwishowe, "Hii ni yangu!"

Hakuniangalia. Alikuwa anaitazama karatasi.

"Yangu pia iko," akasema. "Tangu ile mvua ndefu. Mimi nangoja wewe naandika ndiyo, mimi pia taandika. Peke yangu naogopa."

Mvua ndefu ilikuwa imepita miezi mitano. Kwenye miadi ya kabla ya hii aliketi pembeni yangu, kitu kikianza mwilini mwake, akangoja jibu langu, nami nikaandika hapana kwa mwandiko mkubwa unaosomeka. Nilijisikia mchawi. Nikamshika mkono, nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwanawe.

"Mara ya kwanza Jasi nalia sana," alisema. "Ndevu yote naloa. Mimi mgonjwa, mimi ndiyo nampangusa."

Tukacheka, Mungu atusamehe, tukacheka mpaka Adhiambo akarudi akidhani tunamsengenya. Tulimpa fomu zote mbili kwa pamoja. Aliisoma yangu, akaisoma ya mwenzangu, na ule ucheshi ukamtoka usoni. Hakutuuliza kama tulikopiana. Aliinuka akaenda kumtoa daktari kwenye mkutano.

Saa sita tulikuwa kwenye chumba cha picha, mmoja baada ya mwingine. Kile kitu changu kilionekana ni mfuko wa maji. Daktari akadunga sindano, akavuta, na njegere yangu iliyoninyima usingizi wiki tatu ikaisha pale pale kwenye bomba la sindano. Nilitaka kumbusu. Cha Mama Jasi hakikuwa na maji. Walichukua kipande wakapime, wakamwambia asubiri majibu. Nilitoka pale nimepona, nikaona aibu kwa furaha yangu.

Jumamosi tulienda Kenyatta Market, maana uongo wa nywele ulikuwa bado unahitaji nywele. Mama Jasi, ambaye hajawahi kuonja nyama, alikaa saa nne kwenye kibanda cha msusi, moshi wa nyama choma ukimwingia machoni, amejifunika pua kwa mtandio na hataki kuniacha. Msusi alimuuliza kama naye asukwe. Akasema badala yake asukwe Jasi, kwenye ndevu. Kila nilipotaka kumwomba msamaha aliniambia niinamishe kichwa, msusi anasubiri. Mchana nikapanda basi la kurudi.

Siku ya kumi baada ya kurudi alinifulashi, simu ikaita mara moja ikakatika, nikampigia. Majibu yalikuwa saratani, ndogo, haijasambaa, na Adhiambo alishampangia siku ya upasuaji. Jasi alikuwa amelia kama ilivyotarajiwa. Nilipokata simu nililia mimi pia, zizini, mbele ya mbuzi wangu wawili waliokuwa hawana sherehe yoyote.

Siku ya ntheo, saa nne asubuhi, wakwe walikuwa wameshafika na wajomba wanabishana langoni kama mbuzi mmoja ana kilema au anajifanya. Mimi nilikuwa chumbani navaa. Simu yangu iliita sebuleni, Mutheu akaipokea. Ilikuwa ni Mama Jasi, anatoka hospitali siku hiyo, kidonda kikavu, amefurahi, na hakuna aliyemwonya kwamba nyumba nzima haijui lolote. Alimsimulia binti yangu kila kitu, kuanzia njegere.

Mutheu aliingia chumbani na simu mkononi. Alikuwa amevaa gauni lake jipya la sherehe, na nilijua kwa uso wake kwamba hakuna la kuficha tena. Nikaanza kueleza habari ya wakwe, na mwaliko, na kwamba sikutaka kumharibia.

"Mama," akanikatiza, "na mimi nikipata yangu, nikufiche mpaka mbuzi gani wafike?"

 Nilimtazama yule mtoto niliyemzaa, anayeweza kurithi pua yangu, ubishi wangu, na ugonjwa wangu pia. Nikaenda nikafunga mlango kwa komeo. Nikamwambia avue hilo gauni na sidiria, ainue mkono, nimwonyeshe jinsi ya kujipapasa.

Mjomba mkubwa aligonga mlango mara mbili, akasema wakwe wanauliza. Tulimwambia wangoje.