Sindano za Miguu

Kwa kazi niliyokuwa nikiifanya, mtu angedhani siogopi sindano. Nilikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mbovu. Sindano nilikuwa nazo mfukoni, nilikuwa nazo kwenye ukosi wa shati, na mara nyingine nilizisahau mdomoni hata nikikaribishwa chai ikabidi nizitoe kwanza. Lakini zile zilikuwa za kuchoma kitambaa. Sindano ya hospitali nilikuwa nikiikimbia tangu skuli, tangu siku walipokuja kutuchanja, nikatafutwa darasani na nikapatikana chooni.

Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, nimesoma sekondari mpaka mwisho, na ndugu zangu wote walitegemea nitakuwa karani. Sikuwa karani kwa sababu karani hukaa, na mimi kukaa siwezi. Nikajifunza ufundi kwa mjomba wangu pale Darajani, nikanunua baskeli, nikaanza kuwafuata wateja shamba. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba cherehani ni nzito, mwenye nayo Bwejuu hawezi kuibeba mpaka mjini. Ni kweli hawezi. Lakini kweli kubwa zaidi ni kuwa nikilala usiku wa pili chini ya dari lile lile, nyayo huanza kuniwasha. Mangapwani kulikuwa na mashine ambayo ugonjwa wake ulikuwa vumbi tu, kazi ya kikombe kimoja cha kahawa. Nilikaa nayo siku nne.

Baina ya safari na safari nilioa. Nilimwoa binti wa Kikwajuni, tukapanga chumba ghorofani Malindi, chenye dirisha moja la kutazama ukuta wa jirani. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, na mwingine, hatuna mtoto. Watu wakiuliza tulijibu kama wanavyojibu watu wenye adabu: "Hatujajaaliwa." Nao wakiitikia, "Mungu atawajaalia," huku wakimtazama mke wangu tumboni. Mimi hakuna aliyenitazama popote. Nilikuwa juu ya baskeli.

Aliyelishughulikia jambo hili kwa dhati alikuwa mkwe wangu, mama wa mke wangu. Alituletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi tukanywa. Alituletea habasoda na asali. Akasikia kuwa supu ya pweza inamtia mwanamume nguvu, basi nikalishwa pweza mpaka nikawa nikipita Fumba, wavuvi wakiniona tu wanaanza kupima. Kisha siku moja, muda mfupi baada ya Idi Kubwa, alipanda ngazi zetu alasiri, akakataa kiti, akasema wima:

"Nimengoja vya kutosha. Kwetu hakuna mgumba. Ikiingia Rajabu hamna kitu, mwanangu namchukua."

"Mama," nikasema, "haya ni mambo ya Mungu."

"Naam, ya Mungu. Na yako wewe ni yepi?"

Ningekuwa mtu wa maana, hapo ningejibu neno la maana. Nilimwambia kuna mashine inanisubiri Fumba.

Mke wangu alimsindikiza mama yake hadi chini. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini sauti imenyooka. "Mie sitaki kurudi kwetu," alisema. "Nataka kukaa hapa, na nataka mwanangu. Kesho huendi Fumba. Kesho tunakwenda kwa Wachina."

Hospitali kuu wakati ule ilikuwa na madaktari wa Kichina, na kina mama wa mtaani walikuwa wakinong'onezana habari za daktari mmoja wa kike aliyekuwa akiwachoma sindano nyembamba wanawake wasiopata watoto. Hakutia dawa ndani ya sindano. Alichoma tu, akaziacha zimesimama. Wengine walisema zinafanya kazi, wengine walisema ni kujitesa bure. Nilivaa kanzu yangu nyeupe kama naenda kuposa, nikamfuata mke wangu kwa nyuma, na njia nzima nikijiambia kuwa mgonjwa ni yeye, mimi ni msindikizaji.

Daktari alikuwa mama mfupi, mwenye uso wa upole na mikono ya baridi. Pembeni yake alisimama mkalimani, kijana wa Kichina aliyejifunza Kiswahili vitabuni, na alikisema kwa usahihi wa kutisha.

"Karibuni sana. Ni nani kati yenu anayeumwa?"

Nilikohoa. Nikaona hapa ndipo elimu yangu ya sekondari itakapofaa. "Ndugu mkalimani, mimi na mwenzangu, kwa muda mrefu, hatujajaaliwa."

Kijana akafikiri. Akatutazama kwa huruma. "Hamjajaliwa? Nani hakuwajali? Ni wauguzi?"

"Siyo hatujajaliwa. Hatujajaaliwa."

"Ndiyo. Poleni. Nitawaambia wawajali."

Nikajaribu njia nyingine, nikasema nyumba yetu ni kimya sana. Akajibu kuwa ukimya ni mzuri kwa afya. Mke wangu alikuwa akitutazama kwa zamu, mara mimi mara yeye. Mwishowe akalishusha buibui mdomoni.

"Hebu ninyi. Mie nataka mtoto. Na huyu, miguu yake haitulii nyumbani. Mwambie hivyo hivyo, usizidishe."

Uso wa kijana ukang'aa. Hatimaye mtu amesema Kiswahili. Akafasiri. Daktari akaitikia kwa kichwa, akamshika mke wangu mkono, akayasikiliza mapigo yake kwa muda mrefu. Kisha akaitazama miguu yangu, nikaona amesikitika.

Mke wangu aliingia naye nyuma ya pazia. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri kusikia ukelele, nikasikia anacheka. "Hata haziumi!" akanipigia sauti. "Ni kama sisimizi!" Nikafurahi kuwa mambo yamekwisha. Ndipo mkalimani akaniambia, "Na wewe vua viatu, ulale hapa."

"Mimi?"

"Wewe. Wote wawili mtachomwa."

Daktari alitoka na kisahani cha sindano. Nikajitia kuzikagua kama fundi, ili muda upite. Zilikuwa nyembamba kama unywele, na hazina tundu. Nikamwuliza mkalimani uzi unapitia wapi. Akamfasiria, na yule mama akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nilikuwa nimeuliza kwa dhati.

Ya kwanza iliingia chini ya goti. Ya pili sikuiona. Niliambiwa baadaye kuwa nilizimia, na mkalimani alipopiga kelele kuwa mume amezimia, sauti ya mke wangu ikatoka nyuma ya pazia bila haraka: "Mwacheni. Angalau katulia."

Nilipozindukana, miguu yangu ilikuwa kama nungu: magotini, vifundoni, mpaka baina ya vidole. Hapakuwa na hata moja mahali nilipokuwa nikipaogopea. Nikamnong'oneza mkalimani, "Kwani mguu na jambo lile vinahusiana nini?"

Sijui jambo gani alilielewa yeye. Alinijibu kwa upole, "Mwili una njia nyingi. Daktari anasema ugonjwa wako umeanza zamani."

Tukapewa amri. Kurudi hospitali mara kwa mara, wiki baada ya wiki. Mume asipande baskeli, asitembee mwendo mrefu, alale mapema, na miguu ikandwe kwa maji ya moto kila jioni. Mke wangu aliishika amri hii kuliko sheria ya serikali. Baskeli yangu ilifungiwa kwenye ghala la jirani, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwake.

Kwenye baraza la kahawa niliwaeleza wenzangu kwa kirefu. Niliwaambia utabibu wa Kichina ni elimu nzito, wao huanzia chini, nguvu ikapanda taratibu hadi mahali pake.

"Na ikipanda ikapitiliza hadi kichwani?" aliuliza muuza kahawa.

"Haina hasara," akajibu mwingine. "Kule hapana mtu."

Basi nikakaa. Wateja wa mjini wakaniletea mashine zao juu, na nikawa natengenezea dirishani. Wiki za mwanzo nyayo ziliniwasha mpaka nikawa nazisugua kwenye ngazi za mawe. Kisha nikaanza kuona vitu. Nikajua kuwa dari letu linavuja pembeni, na mke wangu alikuwa akitega sufuria tangu mvua za mwaka wa kwanza bila kuniambia, kwa kuwa wa kumwambia hayupo. Nikajua anaogopa mjusi lakini haogopi mtu. Nikajua anaweza kumwigiza jirani wa chini mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa na mke mchekeshaji, na kwa miaka yote ile waliocheka ni majirani. Jioni alinikanda miguu kwa maji ya moto, na tukazungumza mpaka maji yakapoa, tukayapasha tena.

Hatukuzungumza habari za Rajabu. Lakini nilikuwa nikimwona anahesabu miezi kwa vidole, akidhani simwoni.

Kisha asubuhi moja nikafungua kikopo changu cha mafuta ya cherehani, naye akakimbilia chooni. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu akasema, "Toa hayo mafuta yako, yananuka," na mafuta yalikuwa yale yale ya siku zote. Tulikwenda hospitali, daktari akamshika mkono kama kawaida yake, akasikiliza, na kabla ya mkalimani kufungua mdomo tulikuwa tumeshajua. Jumaadi ilikuwa haijesha, Rajabu bado haijaingia.

Nilinunua halua, nikaipeleka hospitali peke yangu kushukuru. Mkalimani aliipokea kwa mikono miwili. "Hongera kwa mke wako," alisema. "Na miguu?"

"Miguu gani?"

"Miguu yako isiyotulia. Bado inacheza usingizini? Daktari amefurahi kutibu. Ni ugonjwa wa mishipa, watu wengi wanao."

Nilisimama pale na kanzu yangu nyeupe. Wiki zote zile, mtaa mzima nimeshaueleza elimu ya kuanzia chini, na kumbe nilikuwa nikitibiwa miguu.

Nilimkuta mke wangu anachambua mchele. Nikamweleza. Hakuinua macho, lakini ungo ulianza kutetemeka.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Nliona daktari anavyoitazama miguu yako."

"Na ukanyamaza? Nimechomwa kama kimto cha sindano!"

"Mie nlisema kweli tupu, bwana. Miguu yako haitulii nyumbani. Kufasiri kafasiri yeye." Kisha akaangua kicheko, mchele ukamwagika, nasi tukauokota pamoja sakafuni. Baadaye, hali bado anaokota, akasema kwa sauti ndogo, "Peke yangu ningempataje?"

Kama mtoto wetu aliletwa na sindano za mke wangu, au na zangu, au na ule ufunguo shingoni, sijui mpaka leo. Yule mama wa Kichina mwenyewe hakudai kitu. Alikuwa amekwisha kurudi kwao mtoto alipozaliwa, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kumaliza ukimya wa nyumba kumi.

Siku hiyo hiyo mkwe wangu alipanda ngazi zetu, akakataa kiti, akasema wima, "Nimekuja kumchukua mwanangu." Na akamchukua. Uzazi wa kwanza ni kwa mama mtu, mpaka arobaini itoke. Mke wangu alipofika mlangoni akauvua ufunguo wa ghala shingoni, akanitia mkononi, akashuka na mwanawe.

Tangu hapo nimelala bandari nyingi, na hata sasa, mtu wa miaka arobaini na ushee, naandika haya nikiwa mbali na Malindi na nyayo zinaniwasha. Sijitetei. Lakini siku arobaini zile za uzazi, nikiwa na ufunguo, na baskeli iliyotiwa mafuta, na mashine zinazonisubiri Bwejuu na Mangapwani na Fumba, sikwenda kokote. Nilikwenda Kikwajuni kwa miguu, kila jioni, nikakaa kwenye kizingiti cha mkwe wangu mpaka mtoto aletwe nimwone. Mwishowe yule bibi alichoka.

"Wewe," akaniuliza, "huna kazi shamba?"

"Ninayo, mama."

"Basi huendi?"

"Miguu, mama," nikamwambia. "Nlichomwa."