Wajane Wawili na Soko la Miche

Mwaka wa 1991 niliacha ukarani wizarani, nikaweka mashine yangu ya chapa katika chumba kilichopakana na duka la fundi cherehani huko Nyamirambo, mtaa wa mji mkuu. Watu wa mtaa ule walijua biashara, ila Kifaransa cha serikali kiliwashinda. Mimi kilikuwa kimenilisha miaka mingi. Nilimchapia seremala aliyetaka kuiuzia serikali mipini ya majembe, nikamchapia muuza mbegu za maharage. Zabuni tuliiita soko, kama Wanyarwanda wote. Mtu akiingia na kusema, "Nasikia kuna soko la wizara," nilijua hakuja kuulizia nyanya.

Kiangazi kile likatangazwa soko la miche ya miti, ipandwe kwenye milima iliyobaki wazi mara mvua zitakapoanza. Mteja wa kwanza alikuwa mjane wa makamo aliyekuwa na pepinyeri, yaani bustani ya miche, bondeni chini ya Gatsata. Alikaa, akakunjua kitenge chake magotini taratibu, kisha akasema:

"Niandikie, mwanangu. Lakini mtu asijue. Hasa yule wa ng'ambo ya kijito."

Sikumuuliza yule ni nani. Kesho yake akaingia mwanamke mwingine, mdogo kwa umri, tope la bondeni bado kwenye visigino.

"Dada, nataka hili soko la miche," alisema. "Na usimwambie mke mwenzangu. Yeye iko ng'ambo pale, ananichunguza kila siku."

Hapo nikaelewa. Walikuwa wake wa mume mmoja, dereva wa lori, Mwislamu wa Nyamirambo, ambaye alikuwa amefariki miaka michache nyuma. Kila mmoja alibaki na kipande chake cha shamba, kijito katikati, na hawakuwa wakisalimiana.

Nilisoma masharti yote ya soko. Liligawanywa mafungu, na kila fungu lilitaka miti ya aina mbili, mikaratusi na gereveliya, kutoka kwa muuzaji mmoja. Nikashuka bondeni kujionea. Kwa mke mkubwa mikaratusi ilisimama minene, imenyooka, lakini gereveliya zake zilikuwa za kutia huruma. Kwa mdogo mambo yalikuwa kinyume: gereveliya za kijani kibichi, za kupendeza macho, na mikaratusi michache ya kuhesabika. Kila mmoja peke yake angeshindwa kabla bahasha haijafunguliwa.

Nilikuwa nimewaahidi wote wawili kunyamaza, kwa hiyo nikaenda kuomba ruhusa ya kusema. Nilianza kwa mkubwa.

"Mama, peke yako hulipati. Kuna mtu ana gereveliya nzuri. Nimtaje?"

Alitazama ng'ambo ya kijito. "Usimtaje. Nina macho," akasema. "Muulize kama atakuja kwako. Kwangu asije."

Mdogo aliposikia aliangusha kopo la kumwagilia. "Unajua alinifanyia nini? Mume wetu alifia nyumbani kwake, kule Nyamirambo, nami niko huku bondeni. Mimi nililetewa habari ameshazikwa. Nilifika, nikaonyeshwa udongo."

Nilidhani yameishia hapo. Lakini siku ya Jumatatu walikuja, mmoja baada ya mwingine, wakakaa kwenye benchi langu moja, katikati wakaacha nafasi ya mtu wa tatu. Niliingiza karatasi kwenye mashine nikauliza jambo la kawaida kabisa: ombi liwe kwa jina la nani?

"La kwake," mdogo akajibu. "Yeye ndiye mkubwa. Lakini kwanza aniambie mume wetu alikufa vipi."

Mimi niliondoa vidole kwenye mashine.

"Nilimtuma mtu kwako asubuhi ile alipofariki," mkubwa akaanza. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hakufika. Mchana nilijua hakufika, na sikutuma wa pili. Nilikuwa na hasira nawe, na hasira haikuondoka hata siku ile. Wakamzika kabla ya alasiri."

"Alisema nini kabla ya kufa?"

"Hakusema kitu. Alilala tangu jana yake, hakuamka tena. Wallahi, hakuna neno ulilolikosa."

Mdogo alilia, akijifuta kwa ncha ya mtandio. Mkubwa hakumgusa, ila hakuondoka pale alipokuwa. Baadaye mdogo akanigeukia: "Andika, dada. Wanafunga kupokea maombi saa sita." Nikaandika.

Siku ya kufungua bahasha tuliingia ukumbini wizarani, wafanyabiashara wakubwa wamejaa viti vya mbele. Afisa alisoma kila ombi kwa sauti. Alipofika kwetu akainua kichwa. "Huyu mama ana lori?"

Mkubwa alisimama. "Lori sina. Barua ya mwenye lori iko humo ndani."

Ilikuwemo kweli, na haikupatikana kirahisi. Vita vilikuwa kaskazini, malori mengi yalikuwa yamechukuliwa na jeshi, na ni rafiki wa marehemu aliyekubali kutuandikia. Tulipewa fungu moja, dogo kuliko yote. Wale wajane walishangilia kimya kimya, kwa kubanana mikono chini ya kitenge. Niliona.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikwenda kushuhudia upakiaji. Walizozana asubuhi nzima. Mkubwa alitaka mikaratusi itangulie, ikae chini, kwa kuwa ina nguvu. Mdogo alisema gereveliya zikikaa juu zitavunjwa na upepo. Dereva akachoka, akawaambia waamue au aondoke. "Haya, zako chini," mkubwa akasema, "lakini ikivunjika mikaratusi yangu tutaonana." Haikuvunjika, isipokuwa michache. Mwaka uliofuata waliomba tena, na safari hiyo walikuja pamoja, wakibishana tangu mlangoni.

Mke mkubwa aliuawa mwaka wa 1994. Mimi nilikimbia mji, niliporudi sikuikuta mashine wala fundi cherehani. Ilichukua muda kupata moyo wa kushuka bondeni. Mdogo alikuwepo, amekonda, akilima pande zote mbili za kijito. Tulishikana mikono. Kisha akanipeleka ng'ambo, upande uliokuwa wa mwenzake, kunionyesha vitalu.

"Mikaratusi inanisumbua," alisema. "Yeye alijua namna yake, na mimi sikumuuliza. Nilidhani tuna wakati."

Alichuchumaa akaanza kung'oa magugu. Nami nikavua viatu, nikachuchumaa upande wa pili wa kitalu.