Jakuzi la marehemu

Jamani, leo nimekimbia nikaacha kandambili!

Natunza jakuzi, lile beseni kubwa la kuogea maji ya moto, la nyumba ya wageni huku Mamba mlimani. Msimu huu wa baridi nalifunika kila jioni lisipoe. Tangu mzee mwenye nyumba afariki hakuna aliyeliingia, na wanawe wameniagiza nimwage maji leo.

Asubuhi, ukungu umejaa, nakuta kifuniko kiko wazi. Nyayo za maji zinaelekea chumbani kwa marehemu.

Nimekimbia, kisha nikajikaza nikarudi kubisha hodi. Akafungua mjane wake, kanga inachuruzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usiyamwage maji yale. Nilipoingia, baba yenu alinishika mkono."

Wala hakuwa analia. Alikuwa anatabasamu.

Sijamwaga. Nimeongeza joto. Nyie mngefanyaje?